Granada au Madrid? Ulinganisho kwa anayekwenda kusoma Hispania

Kila ifikapo Juni hunijia swali lile lile, mara nyingi kwa ujumbe mrefu wa sauti: "Kaka, shikamoo. Nimepata nafasi Granada na nimepata Madrid pia. Niende wapi?" Nimeishi miji yote miwili, mwaka mmoja Granada na miwili Madrid, na kila mara najikuta nikirudia maelezo yale yale. Leo nayaandika yote mahali pamoja.

Kwanza ujue msimamo wangu, usome ukiujua. Sijaona mwanafunzi wa kwetu aliyeshindwa Hispania kwa ugumu wa masomo peke yake. Wale niliowaona wakifunga virago kabla ya wakati walichoshwa na mambo mawili: fedha kuisha kabla ya mwezi, na kukaa siku nne bila kuongea na mtu zaidi ya ile "hola" ya kwenye lifti. Kwa hiyo katika yote yanayofuata napima fedha yako, na umbali uliopo kati ya kitanda chako na mtu wa kuzungumza naye.

Chumba

Wanafunzi wengi hawapangi nyumba nzima. Wanapanga chumba ndani ya fleti ya watu watatu hadi watano, jiko na bafu mnatumia pamoja. Wenyewe wanaiita piso compartido. Kwa matangazo niliyokuwa nikiyafuatilia, chumba cha kawaida Granada kilikuwa kati ya euro 250 na 350. Kwa fedha hiyo Madrid unapata chumba kisicho na dirisha la nje, au kilichoko mwisho kabisa wa reli. Chumba cha maana kilianzia 450 na kupanda hadi 600 na zaidi. Hiyo tofauti ya euro 200 kwa mwezi, ukiizidisha kwa miezi 10 ya masomo, ni nauli ya kwenda nyumbani na kurudi, na chenji inabaki.

Kuna jingine ambalo matangazo hayasemi. Granada ni mji wa watu kama 230,000, na chuo chake kikuu, kilichoanzishwa 1531, kina wanafunzi zaidi ya 50,000. Mji mzima umekaa kichuo. Mwenye nyumba amezoea wanafunzi tangu enzi za baba yake, na mikataba mingi huanza Septemba na kuisha Juni kama kalenda ya masomo. Madrid unagombea chumba kile kile na watu wenye ajira, na mwenye nyumba akikujibu, la kwanza atakaloomba ni nómina, yaani karatasi ya mshahara. Mwanafunzi huna. Inabidi umwonyeshe barua ya ufadhili au taarifa ya benki ya mzazi, na wengine hata hizo hawazitaki.

Na hili niliseme wazi, maana mimi hakuna aliyeniambia kabla sijaondoka: wapo watakaokujibu kwamba chumba kimeshachukuliwa mara tu wakisikia lafudhi yako au wakiiona sura yako. Imenitokea miji yote miwili. Madrid ilinitokea zaidi kwa sababu nilikuwa natafuta kwa simu. Granada nilikwenda kwa miguu. Kwenye nguzo za taa na kuta za vitivo kuna matangazo ya karatasi yaliyokatwa vipande vya namba kwa chini. Unachana kipande, unapiga simu ukiwa umeshafika mtaani, unagonga mlango. Mtu akishakuona umesimama mbele yake, umesalimia kwa adabu, si rahisi akudanganye. Chumba changu nilikipata siku ya tatu kwa njia hiyo. Kwa hiyo usilipe chochote ukiwa bado Dar au Nairobi. Chukua hosteli ya wiki moja, ukatafute kwa macho yako. Matapeli wa vyumba wanaishi kwa fedha za watu wanaotuma kabla ya kuona.

Kuhusu mitaa: Granada wanafunzi wamejaa Camino de Ronda na kuzunguka Plaza de Toros. Zaidín ni bei nafuu zaidi na kuna familia. Albaicín ni pazuri mno kwa macho, ila jiulize kama uko tayari kupanda ngazi za mawe na mfuko wa viazi kila wiki. Madrid, Moncloa na Argüelles ziko jirani na Ciudad Universitaria, eneo la vyuo, lakini bei zake zinauma. Wengi wetu tuliishia Carabanchel, Usera au Vallecas. Aliyepata Chuo Kikuu cha Carlos III atazame kwanza kampasi yake iko wapi. Kama ni Getafe au Leganés, apange huko huko kusini, asikimbilie katikati ya jiji.

Baridi

Ukisikia Andalucía, mkoa wa kusini ilipo Granada, unafikiria jua. Granada ina jua kweli, lakini imeinuka karibu mita 700 juu ya bahari, na nyuma yake ipo Sierra Nevada yenye kilele cha Mulhacén, mita 3,479. Usiku wa Januari unashuka chini ya sifuri, na fleti nyingi za wanafunzi ni za zamani: sakafu ya vigae, madirisha yanayovujisha upepo, hakuna mabomba ya joto ukutani.

Wenyeji wana dawa yao, inaitwa mesa camilla. Ni meza ya duara iliyovikwa kitambaa kizito kinachofika sakafuni kama kanga iliyoburuta. Karibu na miguu ya meza kuna ubao wenye tundu, na kwenye tundu hilo linakaa brasero, jiko dogo la umeme ambalo zamani lilikuwa la makaa. Unaingiza miguu ndani, unavuta kitambaa hadi kiunoni, unafungua kitabu. Magoti yanapata moto hadi unayasogeza, huku vidole vinavyoshika kalamu vimekufa ganzi. Kwetu Tanga tunatafuta upepo, kwa hiyo wiki ya kwanza nilikuwa nakaa chumbani kwangu na makoti mawili. Ilipofika Desemba nilikuwa mezani na wenzangu watatu kila usiku, kila mmoja na daftari lake, kwa kuwa chumbani hapakaliki. Msichana wa Jaén alikuwa ananisahihisha vitenzi bila kuinua macho kwenye kazi yake. Kihispania changu kilizaliwa chini ya kile kitambaa, wala si darasani.

Madrid majengo mengi yana joto la kati. Kuanzia Novemba mabomba yanapashwa kwa jengo zima, unatembea ndani na fulana. Ni raha, na mara nyingi gharama yake imo kwenye kodi. Lakini kila mtu yuko chumbani kwake na mlango umefungwa. Fleti yangu ya kwanza Madrid tulikaa watano, na hadi Krismasi wawili kati yao sikuwa nawajua majina.

Kiangazi miji yote miwili inachoma hadi nyuzi 40. Wenyeji wa Madrid wana msemo kwamba mwaka wao ni miezi tisa ya baridi na mitatu ya jehanamu. Jifunze kushusha persiana, yale mapazia ya vibao ya nje ya dirisha, tangu asubuhi, na usifungue hadi jua lizame.

Jambo la mtungi wa gesi halitakushangaza. Kwenye fleti za zamani maji ya moto na jiko vinategemea mtungi wa rangi ya chungwa wenye kilo 12.5 za gesi, na gari la kuileta hupita mtaani. Wekeni zamu mapema ya nani anapokea na nani anapandisha hadi ghorofa ya nne. Ugomvi mwingi wa fleti nilioushuhudia ulianzia kwenye mtungi ulioisha mtu akiwa na sabuni kichwani.

Fedha ya mwezi

Kwa viza ya mwanafunzi, Hispania inataka uonyeshe unaweza kujitunza kwa kipimo cha serikali kinachoitwa IPREM, ambacho tangu 2023 ni euro 600 kwa mwezi. Ipime hiyo 600 kwa kila mji.

Granada, mwaka wangu: chumba 280, umeme, gesi na intaneti 40, chakula 150, simu 10. Jumla 480. Zinabaki 120 za nguo, vitabu, kahawa na dharura. Unabana, lakini unaishi.

Madrid: chumba 500, bili 50, chakula 180, usafiri 20, simu 10. Jumla 760. Umeshapita kipimo kabla hujanunua hata soksi. Kwa hiyo anayekwenda Madrid na ile 600 tu anakwenda akiwa na deni la kutafuta kazi tangu mwezi wa kwanza, na kazi inachukua muda kupatikana.

Ada ni habari nyingine, na hapa usikurupuke. Bei za vyuo vya umma zinapangwa na serikali za mikoa. Andalucía ni kati ya mikoa yenye bei ya chini: kwa shahada ya kwanza imekuwa euro 12.62 kwa krediti, maana yake mwaka wa krediti 60 ni kama euro 757. Madrid ni ghali zaidi. Lakini bei unayoiona kwenye ukurasa wa chuo huenda ni ya raia wa Umoja wa Ulaya na wenye ukaazi. Baadhi ya vyuo humtoza mgeni asiye mkaazi mara kadhaa ya hiyo. Andika barua pepe, uliza bei ya mtu wa pasipoti yako, na subiri jibu la maandishi. Jibu hilo moja laweza kubadilisha hesabu yote niliyoipiga hapa.

Kula

Saa za kula ndizo zitakazokusumbua kabla ya chakula chenyewe. Chakula cha mchana ni saa nane au saa tisa, cha usiku ni saa tatu au nne. Granada maduka mengi madogo hufunga mchana na kufungua tena jioni, na Jumapili karibu kila kitu kimefungwa, kwa hiyo Jumamosi ndiyo siku ya kununua mahitaji. Mkoa wa Madrid uliachia saa za biashara tangu 2012, hivyo Jumapili utapata duka.

Granada ina vitu viwili ambavyo Madrid haiwezi kukupa. Cha kwanza ni mabwalo ya chuo, comedores: supu au dengu, nyama au samaki, mkate na tunda, kwa chini ya euro 5. Wanafunzi wengi wanabeba na vyombo, wanachukua cha kula nyumbani. Cha pili ni tapa. Ukiagiza kinywaji, hata soda au maji, unaletewa kisahani cha chakula bila kulipia: kipande cha kimanda cha viazi, samaki wa kukaanga, wali. Kinywaji cha pili, kisahani kingine. Muislamu aseme mapema hali nguruwe, kwa sababu jamón hujificha hata kwenye maharage. Nilichokipenda si unafuu tu. Ni kwamba mwanafunzi asiye na kitu anaweza kukaa na wenzake jioni nzima kwa euro 5 au 6 na asione haya. Madrid utapewa zeituni chache au viazi vya pakiti, na kutoka na marafiki kunageuka bajeti, mwishowe unaanza kusema una kazi nyingi.

Ugali sasa. Hapa Madrid inashinda bila ubishi. Lavapiés kuna maduka ya Waafrika na ya Wabangladeshi: unga wa mahindi, bamia, mihogo, ndizi za kupika, pilipili mbuzi, mawese. Jumamosi unakwenda na begi la mgongoni, unarudi umejaza mwezi. Kwenye mtaa huo kuna hata uwanja uliopewa jina la Nelson Mandela, na jioni wanakaa pale wazee wa Kisenegali. Granada utapata mihogo na bucha za halali za Wamorocco, lakini unga mweupe wa kusonga ni wa kubahatisha. Wengi wanaangukia ule unga uliopikwa nusu wa Wavenezuela wa kutengenezea arepa. Unashikana, ila mdomo unajua kuwa huu sio. Mboga hazina shida: acelga, ikikatwa nyembamba na kukaangwa na kitunguu na nyanya, inasimama badala ya sukuma wiki vizuri kabisa.

Lugha

Msemaji wa Kiswahili ana bahati ambayo Mwingereza hana. Irabu za Kihispania ni zetu zile zile tano, a, e, i, o, u, zinatamkwa kama zilivyoandikwa. Siku ya kwanza darasani mwalimu aliniuliza nilisomea wapi kabla, na nilikuwa sijasoma popote. Kisha kuna maneno yaliyopita kwa Waarabu yakaja kwetu na yakaenda kwao: azúcar ni sukari, tarifa ni ndugu wa taarifa, alcalde, yaani meya, ametoka kwenye kadhi, na ile hasta ya "hasta luego" shina lake ni moja na hata yetu. Granada unayasikia ukiwa unaitazama Alhambra, ambayo jina lake kwa Kiarabu ni "nyekundu".

Lakini Granada wanakula herufi. "S" ya mwisho inapotea, maneno yanaungana, na redio inakuwa rahisi kuliko jirani yako. Madrid wanatamka kwa ukamilifu zaidi. Wengine huona hiyo ni sababu ya kuchagua Madrid. Mimi naona kinyume. Granada watu wanakusemesha: muuza mkate, mama wa ghorofa ya chini, dereva. Miezi mitatu ya kuteseka na lafudhi yao ilinipa sikio ambalo Madrid halikupata shida tena. Madrid, hasa kwenye programu zinazofundishwa kwa Kiingereza, nimeona watu wakimaliza shahada ya uzamili bila kuweza kuagiza chakula.

Miji yote miwili, jiandae kumwita profesa kwa jina lake la kwanza. Ukimwita kwa heshima za kwetu anaona umemzeesha. Mimi ilinichukua muhula mzima.

Karatasi, kazi na kutembea

Ukifika na viza ya zaidi ya miezi sita unatakiwa kuomba kadi ya ukaazi, TIE, ndani ya mwezi mmoja tangu kuingia. Ili kuipata, mara nyingi utahitaji padrón, uthibitisho wa manispaa kwamba unaishi pale. Na padrón inategemea mwenye nyumba. Mwenye nyumba wangu wa kwanza Madrid alipokea kodi na amana, kisha akaniambia hataki mtu ajiandikishe kwenye anwani yake. Nilihama mwezi wa pili nikiwa nimepoteza amana, huku miadi ya alama za vidole ikizidi kusogea. Kwa nilivyoona, kupata miadi Granada kulikuwa kwepesi; Madrid tulikuwa tunaamka alfajiri kufungua ukurasa na kukuta zimeisha.

Kazi, Madrid iko mbele sana. Kanuni mpya zilizoanza Mei 2025 zinamruhusu mwanafunzi wa chuo kufanya kazi hadi saa 30 kwa wiki. Makampuni yako Madrid, mafunzo ya kazi yako Madrid, familia zinazotafuta mtu wa kuwafundisha watoto Kiingereza ziko Madrid, ingawa baadhi zitakukataa kwa kutaka Muingereza au Mmarekani. Granada kazi ni za baa na migahawa, na wanafunzi 50,000 wanazitaka hizo hizo.

Usafiri, Granada ni miguu yako na basi la kupanda kampasi ya Cartuja. Madrid ina treni ya chini ya ardhi tangu 1919, inafika kila kona, na aliye chini ya miaka 26 anapata abono, yaani tiketi ya mwezi ya mkoa mzima, bei yake ya kawaida ikiwa euro 20 na miaka ya karibuni imeshushwa kwa ruzuku. Ukishatimiza 26 unalipa zaidi sana. Wanaokwenda uzamili waliweke hilo kwenye hesabu. Na tembea na kadi yako. Vituoni Madrid polisi huwasimamisha watu weusi kuomba vitambulisho, na ukiwa nayo mkononi mambo yanaisha haraka.

Wakenya wana ubalozi wao Madrid, na nilisikia Kiswahili kwenye treni zaidi ya mara moja. Granada nilikaa miezi saba kabla ya kukisikia, kwa dada mmoja wa Kisumu tuliyekutana kwenye foleni ya bwalo. Tulisimama tukiongea hadi bwalo likafungwa. Kwa ibada, Madrid ina misikiti mikubwa, ule wa kando ya barabara ya M-30 na wa Abu Bakr kule Tetuán. Granada msikiti ulifunguliwa 2003 juu Albaicín, bustani yake inaitazama Alhambra, na Ijumaa ukimaliza kuswali hakuna anayekimbilia treni. Watu wanabaki.

Nani aende wapi

Kama una miaka chini ya 25, unaanza shahada ya kwanza au mwaka wa lugha, na fedha yako haizidi 700 kwa mwezi, nenda Granada. Kama unakwenda uzamili wa mwaka mmoja, una ufadhili unaofika 1,000 au karibu yake, na unataka kubaki kutafuta kazi, nenda Madrid, lakini kapange fleti yenye sebule. Sebule nyingi Madrid zimegeuzwa vyumba vya kupangisha, na fleti isiyo na sebule haina mahali pa kukutana na mtu. Ukiweza vyote, anza Granada. Kuna treni ya mwendo kasi tangu 2019, na basi linalochukua saa tano njiani kwa bei ndogo, na begi lako halitakuwa zito sana mwaka wa kwanza.

Popote utakapokwenda, kabla ya kutoa hata senti, simama mlangoni umuulize mwenye nyumba maswali haya matatu kwa Kihispania, uyakariri tangu ukiwa nyumbani: "¿Me puedo empadronar?", naruhusiwa kujiandikisha hapa? "¿Los gastos van aparte?", bili zinalipwa pembeni? "¿Cómo se calienta la casa?", nyumba inapashwa joto vipi? Akisita kwenye la kwanza, mshukuru, uondoke.